M1887 ni bunduki ya nubu? Jibu kwa msomaji wa Lindi

SWALI: Shikamoo kaka. Nakuandikia kutoka Mtanda, Lindi. Kijiweni kwetu tuna mashindano ya Free Fire, gemu la simu la kupigana kwa bunduki, tunacheza Clash Squad, wanne kwa wanne. Silaha yangu ni M1887, ile shotgani. Juzi tuliwatoa jamaa wa Mitwero kwenye nusu fainali. Wao ni watu wa MP40, bunduki ya risasi mfululizo, na kuvuta hedshoti, yaani kupiga kichwani. Kelele zikaanza palepale: shotgani ni bunduki ya nubu, mtu asiyejua kucheza, haina ustadi, ipigwe marufuku kabla ya fainali. Hata wenzangu wa timu wameanza kunicheka. Niambie ukweli bila kunibembeleza, ile bunduki inataka ustadi au nabebwa tu? Na wale wa snaipa, bunduki ya kudungua kutoka mbali, mbona wao wanaitwa mafundi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umetaka ukweli, chukua: unabebwa. Ila hao wa Mitwero nao wanabebwa, na huenda kuliko wewe. Tofauti ni kwamba kinachowabeba wao hakina mlio.

Nina kibanda cha gemu hapa Chikongola, Mtwara, tangu enzi za pedi za waya hadi leo ambapo vijana wanakuja kuchaji simu tu na kuchezea kivulini kwangu. Mashindano ya mtaani nimeyachezesha kama refa mpaka nimechoka. Kwenye kiti hicho nimeona jambo moja: malalamiko kuhusu silaha siku zote hutoka kwa marehemu. Sijamwona bado mtu aliyeua kwa shotgani akasimama kusema, "Jamani hii si haki, mfufueni nimuue vizuri."

Kwa nini marehemu wa shotgani analia kuliko marehemu wa bunduki nyingine? Nitatumia hesabu za Counter-Strike, gemu la kompyuta, kwa sababu zimechambuliwa na wachezaji hadi mfupani. AK-47 ya humo inatoa risasi 600 kwa dakika, yaani moja kila milisekunde 100. Ukimpiga kifuani mtu aliyevaa fulana ya kinga, anaanguka kwa risasi ya nne. Kutoka ya kwanza hadi ya nne ni milisekunde 300. Sasa jicho likiona kitu mpaka kidole kijibu, mtu wa kawaida hutumia kama milisekunde 200 hadi 250. Maana yake anayepigwa na AK kifuani bado ana kaupenyo. Anaweza kugeuka, kuchuchumaa, kurudisha risasi moja ya hasira. Atakufa, lakini atakufa akiwa anapigana.

Shotgani ya gemu hilohilo, iitwayo Nova, inatema marisau (punje za risasi) 9 kwa mpigo, kila risau lina nguvu 26. Zidisha, unapata 234, na mchezaji ana damu, yaani uhai, 100. Hapo hakuna milisekunde 300, kuna sifuri. Mlio mmoja, skrini ya kijivu, na mtu anabaki anaangalia kidole chake ambacho hakikuwahi hata kutikisika. Hawezi kuona alichokosea, kwa hiyo anahitimisha kwamba hakukosea chochote, amedhulumiwa.

Lakini alikosea. Nafasi yake ya kujibu ilikuwepo, ila ilikuwa kabla ya mlio. Ilikuwa pale alipopita mlango bila kutanguliza guruneti, aliposikia nyayo akazipuuza, alipokata kona akiwa amegusa ukuta. Na angalia tena hiyo hesabu. Fulana ya kinga inakata nguvu ya marisau ya Nova kwa nusu, kwa hiyo ile 234 inabaki 117, na kila risau 13. Ili mtu afe kwa mpigo mmoja, marisau 8 kati ya 9 lazima yamkute kiwiliwilini. Yakipita mawili pembeni, ameishi na damu kidogo, na wewe unasukuma risasi nyingine chemba huku yeye anakumalizia na bunduki ya kawaida. Kutoka mbali hali ni mbaya zaidi, maana marisau yanatawanyika na kila moja linachoka njiani.

Kuna kitu kingine kinachonichekesha. AK-47 hiyohiyo ikikupata kichwani unakufa kwa risasi moja, hata ukiwa na kofia. Ni sifuri ileile. Ila hapo hakuna anayesema neno nubu, watu wanapiga makofi. Kumbe binadamu anavumilia kufa ghafla, mradi aone jasho la aliyemuua. Jasho la mtu wa shotgani limemtoka mapema, gizani, wakati anatafuta njia ya kukufikia, na wewe hukuwepo kuliona.

Siku ukija Mtwara wakati wa bamvua, nitakupeleka Mikindani maji yakishakupwa. Kina mama wanatembea mwambani na fimbo zao wanatafuta pweza. Pweza akishaonekana, kumchoma ni kufumba na kufumbua, hata wewe na mimi tunaweza. Ila tembea mwamba uleule saa nzima peke yako uone kama utarudi na hata mmoja. Mama anasimama kwenye shimo ambalo wewe umelipita mara mbili. Ameona makombe yaliyotupwa mlangoni, akajua mwenye nyumba yumo. Sijasikia mvuvi wa mshipi akisema yule mama hajui kuvua kwa sababu pweza wake hakukimbia.

Kwa hiyo swali la "inahitaji ustadi au haihitaji" mimi silipendi, halipimiki, ndiyo maana mnapigia kelele hadi usiku. Ninalouliza mimi ni hili: bunduki hii inamwadhibu mtumiaji wake kwa kosa gani? Kila silaha inaadhibu kosa fulani na kusamehe jingine. Ile inayosamehe yote ndiyo ya nubu kweli.

M1887 ya Free Fire inakusamehe kosa la kidole. Ukiwa karibu, huna haja ya kulenga paji la uso, marisau yatafanya kazi. Hapo ndipo unapobebwa, kubali tu. Lakini kwa kosa la miguu haina msamaha kabisa. Ina risasi mbili tu. Mbili! Ukipiga ya kwanza mbali, ya pili utaipiga kwa hofu, halafu unasimama unapakia mbele ya mtu mwenye MP40 ambaye hata hana haraka. Wanaoijua kweli utawatambua kabla hawajapiga. Wanatupa ukuta wa gluu, kinga inayosimama papo hapo, njiani ili wavuke sehemu ya wazi, wanahesabu risasi za adui kwa masikio, wanasubiri aweke gluu yake ili wamzungukie upande ambao yeye mwenyewe amejiziba macho. Akipiga moja tu na kumdondosha mtu, hakimbilii wa pili, anarudi nyuma ya gluu kupakia. Asiyeijua anarashi, yaani anavamia mbio, uwanja mtupu kama anakimbilia gari la Masasi.

Na hapa nakukata kidogo. Ustadi wa M1887 una dari fupi. Kijana mwenye akili ataufikia mapema, na baada ya hapo kuna machache ya kuongeza. Bunduki ya risasi mfululizo ina dari refu, mtu anaweza kuicheza miaka na bado akagundua kitu. Kama unataka kuwa mchezaji mzuri na si kushinda kijiweni tu, usiwe mtu wa bunduki moja. Hilo wenzako wana haki ya kukuambia, ingawa walivyolisema hawakulisema vizuri.

Sasa tuwageukie wa Mitwero.

Kuvuta hedshoti ni ustadi, silikatai. Ukivuta kitufe cha kupiga kidogo, risasi zinabaki kifuani. Ukivuta sana, zinapita juu ya nywele. Ukipatia, mtu anazima. Vidole vinahitaji mazoezi na mipangilio ya unyeti inayolingana na simu yako, kwani ya rafiki yako haitakufaa. Lakini waulize kitu kimoja: ile alama ya kulengea inafikaje kifuani kwa adui kabla hawajaanza kuivuta? Haifikishwi na wao. Free Fire ina msaada wa kulenga, na katika mpangilio wa kawaida ukianza kupiga, alama inajinasa yenyewe kwenye mwili wa adui. Ufundi wao unaanzia kifuani kwenda kichwani. Safari ya kutoka ukutani hadi kifuani wamepandishwa gari.

Fungua mipangilio, nenda kwenye usahihi wa kulenga. Utakuta chaguo la kawaida, chaguo ambalo msaada unafanya kazi ukiwa kwenye skopu (darubini ya bunduki), na chaguo la mwisho ambalo unaachiwa kila kitu mwenyewe. Waambie waweke la mwisho, wacheze raundi tatu na MP40 zao. Usicheke, angalia tu. Kisha uwakumbushe neno nubu.

Simaanishi kwamba ni walaghai. Msaada huo umewekwa kwa sababu kidole gumba juu ya kioo si kipanya cha kompyuta, bila msaada gemu za simu zingekuwa mateso kwa wengi. Ninachosema ni kwamba kila mtu kwenye lile gemu amepewa mkongojo. Wako una mlio mkubwa, ndiyo hivyo.

Halafu huu ugomvi ni mkongwe kuliko mashindano yenu, na cha ajabu ni bunduki hiyohiyo. M1887 halisi ilibuniwa na John Browning kwa ajili ya kampuni ya Winchester ya Marekani, na jina limebeba mwaka wake. Mwaka 2009 ilipotoka Call of Duty: Modern Warfare 2, mchezaji aliweza kushika mbili, moja kila mkono, na zilikuwa zinaua kutoka umbali ambao marisau hayapaswi hata kufika. Dunia nzima ililia. Hapo kilio kilikuwa cha haki, kwa sababu adhabu pekee ya shotgani, yaani umbali, ilikuwa imeondolewa. Bunduki ilikuwa inasamehe kidole na inasamehe miguu pia. Watengenezaji wakaikata nguvu kwa sasisho.

Gemu hilohilo lilikuwa na kitu kibaya zaidi, kirusha bomu kinachofungwa chini ya mtutu. Huhitaji kumlenga mtu, unalenga chumba. Kulikuwa na uwezo wa ziada uitwao One Man Army uliomruhusu mtu kubadilisha vifaa vyake katikati ya mechi, na akibadilisha, mabomu yanajaa upya. Basi watu walikuwa wanasimama kona moja mechi nzima wanafyatua mabomu, wanabadilisha, wanafyatua tena. Wewe ni mtu wa pwani, unajua ninachokikumbuka hapo. Mvuvi wa baruti naye harudi mikono mitupu, lakini tangu nizaliwe sijasikia akiitwa fundi. Kile kirusha bomu ndicho ninachokiita silaha isiyo na ustadi, na nitakirudia kwenye suala la marufuku yenu.

Wenye Counter-Strike walifanya ujanja ambao naupenda kuliko sasisho zote: waliiweka hoja hii kwenye pesa. Kule unanunua silaha kila raundi, na ukiua unalipwa, ila malipo yanategemea umeua kwa nini. Ukiua kwa AK-47 unapata dola 300 za gemu. Kwa shotgani kama Nova unapata 900. Kwa kisu, 1,500. Na kwa ile snaipa kubwa, AWP, unapata 100 tu. Tafakari hapo. Watu waliotengeneza gemu, wenye kila takwimu ya nani anaua nani, wameamua kwamba mwenye shotgani aliyesogea hadi kwenye pumzi ya adui amejiweka hatarini mara tatu ya mwenye AK, na mwenye AWP hatarini kidogo kuliko wote. Nova yenyewe inauzwa 1,050. AWP 4,750. Hawajabishana kama ina ustadi, wameipa bei tu.

Na hapo nimeshaingia kwenye swali lako la pili. Snaipa anaitwa fundi kwa sababu jasho lake linaonekana. Ana risasi moja, akikosa anavuta komeo, na kila mtu anaona amekosa. Snaipa inaadhibu kidole vikali sana. Ila angalia inachosamehe: miguu. Mdunguaji mzuri kwenye kilima hahitaji kujua njia, wala hakisii umeweka gluu upande gani, anakungoja. AWP ya Counter-Strike inaua kwa risasi moja popote kuanzia tumboni kwenda juu, ni miguu tu inayomponya mtu. Mwaka 2015 watengenezaji waliipunguzia kasi ya kutembea mtu anapochungulia kwenye skopu, kwa sababu wadunguaji wakubwa walikuwa wanachomoza, wanaua na kurudi kabla hujajua kona ipi. Mwaka 2022 wakaipunguza tena, risasi kwenye magazini zikashuka kutoka 10 hadi 5. Silaha ya "mafundi" imekatwa makali mara mbili, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba snaipa ni utakatifu. Ni kioo cha shotgani: wewe unalipwa kwa miguu, yeye analipwa kwa kidole.

(Watu wa PUBG Mobile, gemu jingine la simu, wakisoma hapa watasema ustadi halisi ni kudhibiti mateke ya bunduki kama M416 au AKM bila msaada, tena kwa gairoskopu, kihisi kinachokufanya ulenge kwa kuinamisha simu. Ni kweli, ila simu nyingi za bei ya chini hazina gairoskopu kabisa. Hapo sijui kama tunapima mkono wa mtu au msimu wake wa korosho ulikuwaje.)

Kuna jambo ambalo wenzetu wa nchi zenye seva mlangoni hawalifikirii, nalo ni pingi, yaani muda wa taarifa kutoka simu yako hadi kwenye seva na kurudi. Hapa Kusini linabadilisha kabisa thamani ya shotgani, kwa hiyo nivumilie.

Watu wanadhani tunalagi, yaani gemu linachelewa, kwa sababu tuko mbali na Dar es Salaam. Piga hesabu. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Lindi hadi Dar kwa barabara ni kilomita 450 hivi. Kwenda na kurudi ni kilomita 900, sawa na milisekunde nne na nusu. Si kitu! Muda wetu unaliwa kwingine: kati ya simu na mnara, hasa jioni mtaa mzima ukiwa hewani, na kutoka Dar kwenda kwenye seva iliyo nje ya nchi kupitia nyaya za baharini. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, wateja wangu walirudi kucheza bao kwa siku kadhaa, na nadhani baadhi yao walikuwa na furaha kuliko kawaida.

Sasa tuseme pingi yako ni milisekunde 130. Unachokiona kwenye kioo ni kilichotokea kitambo kidogo. Mtu akichomoza kwenye kona kwa kasi, yeye anakuona mara moja, kwani wewe umesimama palepale na picha yake ya zamani ya mahali ulipo bado ni sahihi. Wewe ndiye unayemwona kwa kuchelewa. Kwa hiyo anayechomoza anaanza na mtaji, na anayengoja anaanza na deni. Pingi ikipanda, mtaji huo unakua. Katika gemu nyingi seva huangalia mpigaji alikuwa anaona nini alipobonyeza, ndiyo maana wakati mwingine unajificha nyuma ya ukuta na bado unakufa. Kwenye kioo chake, ulikuwa hujajificha.

Unaona inakoelekea. Wanasema shotgani ni silaha ya makampa, ya watu wa kujibanza nyuma ya mlango. Kwa mtandao wetu, kampa wa shotgani anajidhuru mwenyewe. Anayefaidi ni mwenye M1887 anayerashi, anayechomoza yeye. Nusu ya ushindi wenu wa juzi huenda ilitoka kwenye ustadi wako wa kuzunguka gluu, na sehemu nyingine ikatoka kwenye mnara wa simu. Siwezi kukutenganishia kwa mbali. Mngecheza wote kwenye Wi-Fi moja ya chumba kimoja tungejua zaidi.

Simu pia. Ya picha 30 kwa sekunde inakuonyesha picha mpya kila milisekunde 33, ya picha 60 kila milisekunde 17. Jua la saa nane Lindi, simu imechemka, picha zinashuka zenyewe. Mtu wa kuvuta hedshoti anaumia sana hapo kwa sababu kazi yake ni ya mfululizo, anahitaji kuona alama inavyosogea. Mtu wa M1887 anahitaji picha moja nzuri kwa wakati mmoja mzuri. Kwa hiyo shotgani ni silaha ya wenye simu dhaifu, na kama hao wa Mitwero wana simu nzuri kuliko zenu, marufuku yao si ya kutetea ustadi hata kidogo. Jichunguzeni hapo kwa ukimya kabla ya kikao.

Mkitaka kumaliza ubishi bila matusi, fanyeni jaribio ninalolifanya kibandani. Chukueni mchezaji anayekubalika na wote kuwa ni bora, na mmoja anayekubalika kuwa ni dhaifu (huyo mtafuteni kwa heshima). Waingie chumba cha kastamu, mechi ya faragha mnayoipanga wenyewe, wawili tu. Raundi kumi wote wawili M1887. Raundi kumi wote MP40 kwa msaada wa kulenga wa kawaida. Raundi kumi MP40 bila msaada. Andikeni matokeo. Kama M1887 inamfanya dhaifu akaribie nusu ya ushindi wakati MP40 inamwacha mbali, basi shotgani inafuta ustadi na wa Mitwero wana hoja. Ikiwa bora bado anashinda kwa wingi, bunduki imehamisha tu mahali ustadi unapolipwa. Ninavyoona kwangu, shotgani huwasogeza wachezaji karibu kiasi, haiwasawazishi. Msiniamini mimi, hesabuni wenyewe, maana raundi thelathini za wawili zinaisha kabla chai haijapoa.

Kuhusu kuipiga marufuku kabla ya fainali: hapana. Mmeitumia hadi nusu fainali, kila timu ilikuwa na haki ya kuinunua, Clash Squad inawapa wote duka lilelile. Anayebadilisha sheria baada ya kufungwa ataambiwa maneno hata akiwa na hoja nzuri. Msimu ujao kaeni mkubaliane kabla ya mechi ya kwanza, mkitaka M1887 moja kwa kila timu, sawa, ni sheria nzuri na mimi nimeitumia. Inamlazimisha mwenye shotgani kucheza na wenzake badala ya wanne wote kuvamia mlango mmoja.

Kama ningekuwa refa wenu, hasira yangu ningeipeleka kwingine. Kwanza MGL140, kirusha mabomu. Hiyo ni ile baruti niliyoisema, itoeni bila mjadala. Pili, na hili ndilo kubwa kuliko kelele zote za shotgani: skini, yaani pambo la kuivisha bunduki. Kwenye Free Fire skini ya bunduki si rangi peke yake. Nyingi zinaongeza nguvu, au kasi ya kupiga, au kasi ya kupakia, na huwa zinapunguza kitu kingine kidogo. M1887 yenye skini ya maana na M1887 tupu ni bunduki mbili tofauti, na tofauti hiyo inanunuliwa kwa almasi, pesa ya ndani ya gemu, haifanyiwi mazoezi. Inawahusu na wenye MP40 vilevile. Mnapotengeneza chumba cha kastamu kuna sehemu ya kuzima nguvu za skini. Izimeni. Nimeona timu imelalamikia shotgani mwezi mzima, siku tulipozima skini wakanyamaza, na aliyeshindwa kupumua alikuwa nahodha wao mwenyewe.

Wewe sasa. Kwenye fainali wanakujua, watakuwekea gluu mbili na kurudi nyuma kila ukisogea, ili upige ya kwanza mbali. Wapelekee M1887 raundi moja, inayofuata nunua bunduki ya masafa ya kati, waache warudi nyuma kwenye uwanja wa wazi wakidhani umekuja na risasi mbili. Anza kuizoea leo jioni, na msaada wa kulenga ukiwa umezimwa, ili uonje wanachokiongelea. Na tarehe ya fainali ikipangwa niandikie mapema. Lindi si mbali, kiti cha refa nakijua, na filimbi naja nayo.